Babu Rangi Ndani ya Mafaili

Kama kuna mtu aliyeumbwa makusudi ili awaudhi makarani, basi ni Babu Rangi. Na Mungu naye ana utani wake, kwa sababu mjukuu aliyemlea kwa mkono wake tangu akiwa na miaka minne alikua, akasoma, akawa karani. Tena si karani hivi hivi. Ni karani wa masjala ya halmashauri, yule anayekaa nyuma ya dirisha la mbao kwenye korido ya chini, ambaye ukimwomba faili anakutazama kana kwamba umemwomba figo. Ana miaka ishirini na tisa tu, lakini wakubwa kwa wadogo wanamwita Bi Masjala, na yeye haoni kama ametukanwa.

Wanaishi wawili katika nyumba ya vyumba vitatu. Chumba kimoja cha mjukuu, kimoja cha babu, na cha tatu ni cha makopo. Ukifungua mlango wa hicho cha tatu, fungua taratibu: kuna mikebe ya rangi iliyokauka, brashi ngumu kama mifupa, na mbao za mabango ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Kinyozi mmoja amechorwa hapo na kichwa cha mteja wake, na mteja ana nywele upande mmoja tu mpaka leo. Babu alichora mabango ya mji huu kwa miaka mingi, mpaka zilipokuja mashine za kuchapa. Bibi alifariki miaka sita iliyopita. Mama yake Bi Masjala anafanya kazi mji mwingine na huja likizo, akifika anafagia nyumba nzima isipokuwa chumba cha makopo, maana hapo amenyoosha mikono.

Sasa, Babu Rangi si mzaliwa wa hapa. Hilo kila mtu analijua, na hakuna aliyewahi kujali. Alivuka mpaka kijana, akiwa na brashi zake, akabaki. Mambo yaliharibika siku Bi Masjala alipoletewa tangazo alibandike kwenye ubao wa korido. Alilibandika vizuri, pini nne, kila pembe moja, akarudi nyuma hatua mbili aone kama limenyooka. Ndipo alipolisoma. Kila aliyeingia kutoka nje na kujiita mkaazi wa kudumu alete uthibitisho kwamba aliandikishwa kabla ya mwisho wa mwaka wa sabini. Asiye na uthibitisho kufikia tarehe thelathini atahesabiwa mgeni, na atarudishwa alikotoka.

Tangazo lilikuwa limenyooka sawasawa. Yeye akalisoma tena, kuanzia juu.

Jioni ile alimkuta babu yake barazani anakunywa chai.

"Babu, uliingia nchi hii mwaka gani?"

"Mwaka niliomwona bibi yako."

"Na bibi ulimwona mwaka gani?"

"Mwaka nilioingia. Mke wangu, hujambo kwanza? Hata salamu hakuna siku hizi?"

"Sijambo. Shikamoo. Uliingia mwaka gani?"

Hapo ndipo utakapomjua Babu Rangi. Alianza kueleza. Mara aliingia kwa lori la vitunguu, amejificha chini ya magunia, ndiyo maana mpaka leo vitunguu vinamtoa machozi. Mara aliingia na kikundi cha waimbaji, yeye akiwa mchoraji wa mapazia yao. Mara alivuka mto kwa kuogelea, brashi ameziuma kwa meno. Hilo la mto analipenda kuliko yote, ingawa hajui kuogelea na hata beseni la maji analikaribia kwa tahadhari.

"Babu, hili si la mchezo. Watakurudisha."

"Watanirudisha wapi? Mji huu hata nzi wananijua."

"Nzi hawajazi fomu, babu."

Mzee akacheka mpaka akamwaga chai. Bi Masjala hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango, akajiambia neno ambalo amelisema mara elfu kazini: mdomo una utani, karatasi haina. Kama mzee hawezi kusema maisha yake, basi serikali itakuwa imeyaandika mahali.

Kuanzia kesho yake, kila saa za kazi zikiisha, alibaki masjala, yanakotunzwa hata majalada ya zamani ya mahakama na hospitali, na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Na aliyemkuta humo hakuwa mtu aliyekaa kimya akichora mabango. Lahaula!

La kwanza lilikuwa jalada la mahakama, mwaka wa sabini na nne. Mshtakiwa alichora kwenye ukuta wa ghala la halmashauri, bila kibali, picha ya punda aliyevaa koti na tai. Mashahidi wanne walisema punda anafanana na mwenyekiti. Mwenyekiti, alipohojiwa, alisema haoni mfanano wowote, ila aliomba afutwe haraka. Mshtakiwa akaamriwa apake chokaa ukuta mzima kwa mkono wake. Ukurasa wa pili uliandikwa wiki mbili baadaye: mshtakiwa ameletwa tena, chokaa amepaka kama alivyoamriwa, juu ya chokaa sasa wapo punda wawili. Pembeni, kwa kalamu ya hakimu mwenyewe, paliandikwa: "Wa pili ni mimi."

Bi Masjala akaziba mdomo. Tarishi, mzee wa funguo ambaye hufunga ofisi, akachungulia kuuliza kama kuna mtu anakabwa.

Kitabu cha ndoa nacho kikamsubiri na ya kwake. Mwaka wa sabini na moja, mwezi wa tano, jina la babu, jina la bibi, mashahidi wawili. Kazi ya bwana harusi: mpishi wa hospitali. Mpishi! Mtu ambaye hata maji ya chai ukimwachia yanaungua! Jioni alimuuliza.

"Babu, ulikuwa mpishi lini?"

"Siku moja," mzee akasema bila aibu hata chembe. "Ile ya kuandikisha ndoa. Baba yake bibi yako alisema hampi binti yake mtu anayechezea rangi. Nikaona, basi, nitapika mpaka saa nane."

"Na bibi alijua?"

"Nani unadhani aliniambia niandike mpishi?"

Kulikuwa na barua ya mwenye nyumba, anayelalamika kwamba mpangaji amechora mawingu kwenye dari la chumba, na sasa wapangaji wengine wanadai nao wachorewe. Kulikuwa na orodha ya sensa iliyompa miaka thelathini, na leseni ya mwaka uliofuata iliyompa ishirini na sita. Mtu anarudi nyuma kiumri na serikali inapiga muhuri tu. Bi Masjala alikuwa anaandika yote kwenye daftari lake, anakunja uso, anacheka, anakunja uso tena. Alimlea mtu huyu, au alilelewa na mtu huyu, na kumbe hakuwa anamjua hata robo.

Halafu akafika kwenye jalada la hospitali, mwaka wa sabini na nane.

Humo mlikuwa na barua ya muuguzi mkuu kwa mganga mkuu. Muuguzi analalamika. Mchoraji aliyejitolea kuchora ukuta wa wodi ya watoto hamalizi. Amechora twiga, na kila siku anakuja kumwongezea shingo. Shingo imemaliza ukuta wa kwanza, imepinda kwenye kona, na sasa iko juu ya dirisha la ukuta wa pili. Watoto watatu wamepewa ruhusa ya kwenda nyumbani wakakataa mpaka waone kichwa. Muuguzi anaomba mchoraji aambiwe amalize mnyama wake. Mganga mkuu amejibu chini ya barua hiyo hiyo: "Mwache. Angalia kitanda namba tisa."

Bi Masjala akalitafuta daftari la wagonjwa la mwezi ule. Kitanda namba tisa, mtoto wa kike, miaka sita, homa ya uti wa mgongo, siku thelathini na nne. Jina lilikuwa la mama yake.

Alikaa chini kwenye sakafu ya masjala, na nguo yake safi ya kazi, akalia. Wageni walikuwa hawaruhusiwi wodini zaidi ya saa moja kwa siku. Mchoraji aliruhusiwa kutwa nzima. Mzee huyu aliyemsimulia habari za mto na vitunguu hakuwahi hata siku moja kumtajia twiga.

Ila kulia hakusaidii kitu kwenye ofisi ya uandikishaji. Alipopanga karatasi zake mezani zilikuwa kumi na moja, na zote zilikuwa za baada ya mwaka wa sabini. Ile ya ndoa ilikuwa imechelewa kwa miezi mitano tu. Tarehe ilikuwa ishirini na sita.

Alirudi nyumbani akasimama mbele ya babu yake.

"Nipe kopo."

"Kopo gani, mke wangu? Ninayo mia mbili."

"La biskuti, babu. Lililo chini ya kitanda, ambalo tangu mdogo ukiniona nalisogelea unaniambia lina nge."

"Nge yumo kweli. Ameshazaa."

"Babu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Wakikuvusha mpaka utashukia kwa nani? Utabisha hodi kwa nani huko?"

Mzee akafungua mdomo aseme jambo la kuchekesha. Jambo halikuja. Alitazama miguu yake.

"Sina mtu huko," akasema. "Hata njia nimeshaisahau."

Akaingia ndani, akarudi na kopo. Chini kabisa, chini ya picha za bibi, ilikuwapo hati ya ukaazi, namba mia mbili na kumi na mbili, imeandikwa mwezi wa kumi na moja, mwaka wa sabini. Jina lake lipo. Sahihi ya afisa ipo. Bi Masjala moyo ulimruka kwa furaha, kisha macho yake ya kikarani yakashuka penyewe kwenye pembe ya chini, mahali pa muhuri. Palikuwa na duara la penseli, limechorwa vizuri sana, na ndani yake hamna kitu.

"Muhuri uko wapi?"

Na kwa mara ya kwanza Babu Rangi akasimulia jambo lile lile mara mbili bila kubadilisha.

Mwaka ule, wageni wakiwa wamepanga foleni ya kuandikishwa, mpira wa muhuri wa ofisi ulipasuka. Mwingine ulikuwa uletwe kutoka makao makuu baada ya miezi mitatu. Afisa, mtu mmoja mpole aliyeitwa Bwana Miwani, alikuwa na watu mlangoni na hana cha kuwapigia. Siku hiyo kijana mmoja alikuwa koridoni anachora namba za milango. Bwana Miwani akamtazama, akamuuliza kama anaweza kuchora muhuri. Kijana akaomba wino wa zambarau na brashi ya nywele chache. Akachora ule uliopasuka, herufi zote, mpaka kipande cha pembeni kilichokuwa kimelika. Kwa miezi mitatu akakaa pembeni ya afisa, afisa anatia sahihi, yeye anachora. Mihuri mia mbili na kumi na moja. Watu wakaondoka na hati zao, hakuna aliyeona tofauti.

"Ya mwisho ilikuwa yangu," mzee akasema. "Ijumaa jioni. Akatia sahihi, akafunga kitabu chake, akanipa mkononi. Akaniambia Jumatatu tutamalizia. Nikaweka duara tayari. Jumatatu nikafika, nikaambiwa amehamishwa. Aliyekuja alikuja na muhuri mpya, wa umbo la yai, akasema ya zamani haimhusu."

"Sasa si ungechora mwenyewe!" Bi Masjala alikuwa amesimama. "Wino unao, brashi unayo, mkono ule ule! Umewapigia watu mia mbili na kumi na moja!"

"Wale nilitumwa. Wangu hakunituma mtu. Nijipigie muhuri mwenyewe? Si ningekuwa mwizi? Kinyozi hajinyoi, mke wangu."

"Miaka hamsini, babu!"

"Nilikuwa nangoja mtu aniruhusu." Akalirudisha lile kopo magotini. "Nimeogopa miaka yote hiyo. Kila gari la serikali likisimama mtaani mimi najificha chumba cha makopo. Lakini niliona mtu akicheka haulizi karatasi. Basi nikawa nawachekesha."

Bi Masjala alitamani kumfinya. Alitamani kumkumbatia. Hakufanya hata moja, kwa sababu akili yake ilikuwa imeshakimbilia kazini. Hati yenye namba ina daftari lake. Afisa alifunga kitabu, kitabu kiko wapi?

Orodha ya masjala ilisema kipo. Rafu ilisema hakipo. Alitafuta siku mbili, akapindua kila sanduku, akawakaripia wenzake wote kwa uzembe wa kuhamisha vitu bila kuandika. Tarehe ishirini na tisa, saa tisa alasiri, alipomfikia tarishi na kidole chake, yule mzee wa funguo akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Unasema lile jekundu? Nene?"

"Hilo hilo! Nani amelichukua?"

"Si wewe, mama."

"Mimi?"

"Wiki yako ya kwanza kazini. Kabati lile kubwa lilikuwa linayumba. Ukasema, nitafutie kitu kinene ambacho hakina kazi. Ukalisukuma chini ya mguu mwenyewe, ukasema, sasa limetulia."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini usiombe kikulacho kiwe wewe mwenyewe. Bi Masjala, anayewaandikia watu onyo kwa kuweka kikombe cha chai juu ya faili! Ofisi nzima ilisimama kutazama. Walitoa mafaili ya kabati zima, wanaume wanne wakaliinua, na yeye akapiga magoti akalivuta daftari. Jalada lilikuwa na shimo la mguu wa kabati. Ndani halikuguswa na kitu. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipotoka.

Kila mstari ulikuwa na namba, jina, tarehe, na mwishoni nafasi ya maelezo. Mistari mia mbili na kumi na moja ilikuwa na maelezo hayo hayo: muhuri umechorwa. Alipofika mstari wa mwisho alisoma, akasoma tena, akafunga daftari akalikumbatia, na vumbi lake lote.

Kesho yake ilikuwa tarehe thelathini. Hakumwambia babu alichokiona. Alikuwa anajua kwamba akimwambia nyumbani, mpaka wafike ofisini kingekuwa kimeshaota mto na lori la vitunguu.

Chumba cha uandikishaji kilijaa. Watu walikaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama ukutani. Afisa Uandikishaji alikuwa mwanamke mkavu aliyeletwa kutoka makao makuu kwa kazi hii, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemwona akitabasamu. Babu Rangi alikuwa amevaa koti la harusi za watu, na kofia.

Afisa akaigeuza hati mbele na nyuma. "Muhuri uko wapi, mzee?"

"Mwanangu," babu akaanza, "kuna mto mmoja mkubwa sana..."

Bi Masjala akamfinya, kwa miaka yote aliyotamani. Kisha akafungua daftari mbele ya afisa, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Afisa akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma vya wengine:

"Namba mia mbili na kumi na mbili. Huyu ni mchoraji wetu. Achore wa kwake mwenyewe. Nimemruhusu."

Chini yake ilikuwa sahihi ya Bwana Miwani, na tarehe.

Watu wanaomjua walisubiri mzaha, haukuja. Babu Rangi akamgeukia mjukuu wake.

"Aliandika?"

"Aliandika, babu."

"Lini?"

"Ijumaa ile ile. Kabla hajakifunga kitabu."

Mzee akavua kofia. "Mimi nilidhani alinisahau," akasema. "Miaka yote nilidhani alinisahau."

Afisa alipekua daftari mpaka mwisho, akarudi nyuma, akapekua tena. Akasema haoni mahali ambapo ruhusa hii ilifutwa, wala haikuwekewa tarehe ya kuisha. Akavuta droo, akatoa kichupa cha wino wa zambarau wa kujazia muhuri, akakisukuma mbele.

"Basi chora, mzee. Tarehe ya leo utaandika pembeni, na mimi nitatia sahihi."

Brashi haikuwapo. Mama mmoja kwenye benchi akatoa ya kupakia rangi ya kucha, akaifuta kwa kanga yake. Babu akainama juu ya karatasi, na hapo kila mtu akauona mkono wake. Ulikuwa unacheza. Aliushusha, akauinua, akaushusha tena.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ndogo, "nishike hapa."

Bi Masjala akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili. Ilichukua karibu nusu saa. Mwanzoni watu wa nyuma walinung'unika kwamba foleni haisogei, halafu wakasimama kuangalia, halafu hata kunung'unika kukaisha. Muhuri ulitoka umepinda kidogo, na herufi mbili ziligusana. Mzee akautazama kwa hasira ya fundi, akaomba karatasi nyingine arudie.

"Hakuna nyingine," afisa akasema. Akaupulizia wino ukauke, akatia sahihi, akamkabidhi hati kwa mikono miwili. "Tumemaliza, mzee wangu. Nenda nyumbani."

"Wapi?" babu akauliza. Kwa mwezi mzima, kuambiwa aende nyumbani kulikuwa na maana ya kuvushwa mpaka.

"Nyumbani kwako. Si uko hapo nyuma ya soko?"

Babu Rangi akatoka nayo mpaka koridoni, akakaa kwenye benchi, akalia kwa sauti mbele za watu, mtu mzima na kofia yake mapajani. Bi Masjala akaenda akafunga dirisha la masjala mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea, akarudi akakaa naye. Waliokuja kutaka mafaili siku hiyo waliambiwa warudi kesho.